Koili Mbili za Campbell

Mwaka 1897 kampuni ya simu ya Bell, mjini Boston, ilimwajiri kijana ambaye hakuwa bado na miaka 30, jina lake George Campbell. Alisomea uhandisi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu: alikwishapita Göttingen kwa Felix Klein, Vienna kwa Boltzmann na Paris kwa Poincaré. Kampuni ilimkabidhi tatizo lililokuwa likiwanyima mafundi usingizi. Sauti ya mtu ikipitishwa kwenye waya wa shaba uliofukiwa ardhini hufifia haraka, tena hufifia kwa upendeleo: sauti nyembamba hufa kabla ya nzito, na baada ya maili kadhaa msikilizaji anabaki na mvumo usio na maneno. Miji ilikuwa inakua, nguzo zimeelemewa na nyaya juu ya barabara, na kila mtu alitaka nyaya hizo zizikwe. Zikizikwa, sauti inapotea.

Dawa ilikuwa imekwishaandikwa na Mwingereza Oliver Heaviside, mtu mpweke aliyejaza kurasa kwa hesabu ambazo wahandisi wengi wa zama zake hawakuzielewa. Heaviside alionyesha kwamba waya ukiongezewa sifa ya kisumaku, sauti husafiri mbali zaidi bila kuharibika. Campbell ndiye aliyeigeuza nadharia hiyo kuwa kifaa cha kushikika: koili za waya uliozungushwa kwenye kiini cha chuma, zipachikwe kwenye laini kwa nafasi maalumu iliyopigiwa hesabu. Mwaka 1900 laini ya kwanza ya namna hiyo ilianza kazi pembezoni mwa Boston, kati ya Jamaica Plain na West Newton. Lakini Michael Pupin, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyezaliwa kijiji cha Idvor, katika nchi ambayo leo ni Serbia, alikuwa amefika kwenye ofisi ya hataza na wazo hilohilo, na shauri likaisha kwa ushindi wake. AT&T (kampuni mama ya Bell) ilikuwa imekwishanunua haki za Pupin ili isije ikakwama. Pupin akatajirika, na katika nchi nyingi za Ulaya koili hizo zikaitwa kwa jina lake.

Namrudia Campbell kwa sababu kazi zake mbili zimekutana, miaka 100 baadaye, ndani ya nyumba za mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kumsikia. Ya kwanza ilibidi ing'olewe ndipo intaneti ya DSL ipite kwenye laini ya simu. Ya pili ilibidi ichomekwe nyuma ya kila simu ya nyumbani.

Tuanze na ile ya kung'olewa. Koili za laini zilisambaa haraka. Marekani ilifika mahali ikawa ni kawaida kwamba laini ya mteja aliye zaidi ya futi 18,000 kutoka kituo cha simu, yaani kama kilomita 5.5, ipachikwe koili kila futi 6,000. Kwa sauti ya mazungumzo zilifanya kazi nzuri sana. Simu haihitaji sauti yote ya binadamu. Hezi 300 hadi 3,400 zinatosha mtu kutambuliwa na kueleweka. Ndani ya eneo hilo koili ilinyoosha njia. Juu yake ilifunga kabisa. Laini yenye koili haififishi masafa ya juu pole pole. Inayakata, kama ukuta. Kwa miaka mingi hakuna mteja aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kitu cha kupitisha huko juu.

Campbell mwenyewe aliutazama ule ukuta na kuona faida yake. Ikiwa koili zilizopangwa pamoja na tabia ya umeme ya kebo zinaweza kukata masafa mahali fulani bila kutaka, basi mtu akichukua koili na kapasita akazipanga kwa makusudi, anaweza kuchagua mwenyewe: haya yapite, haya yabaki. Hiki ndicho kichujio cha umeme. Alikipatia hataza mwaka 1917, na Ujerumani Karl Willy Wagner alikuwa amefikia jambo hilohilo kwa njia yake. Mwaka 1918 AT&T iliweka kati ya Baltimore na Pittsburgh mtambo uliobeba mazungumzo manne ya ziada kwenye jozi moja ya nyaya, kila moja limepandishwa kwenye masafa yake, na vichujio vikiyatenganisha yanapofika. Siri ya kugawana waya mmoja ilijulikana tangu hapo. Ila ilikuwa siri ya mitambo mikubwa ya masafa marefu, inayotunzwa na mafundi wa kampuni katika vyumba vyenye rafu hadi darini. Nyumbani kwa mteja ziliingia nyaya mbili tu, na simu moja ya kampuni mwishoni.

Simu hiyo haikuwa ya mwenye nyumba. Marekani, kwa miongo mingi, mteja alikodi simu, na kuchomeka kitu kingine chochote kwenye laini kulikatazwa. Uamuzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani katika kesi ya Carterfone, mwaka 1968, ulifungua mlango huo, na katika miaka ya 1970 na 1980 kila kitu kikaingia: simu za bei nafuu za dukani, simu zisizo na waya, mashine za kurekodi ujumbe, faksi, modemu, mitambo ya kengele za wezi. Nyaya za ndani ya nyumba nazo zikawa jukumu la mwenyewe. Kwa raia ilikuwa ushindi wa kweli, na sioni kwa nini mtu aupunguze. Lakini matokeo yake ni kwamba kampuni ya simu ilipoteza kitu ilichokuwa nacho tangu siku za Bell: kujua kuna nini kwenye ncha ya waya wake.

Wakati huohuo, New Jersey, katika maabara ya Bellcore iliyoanzishwa baada ya AT&T kuvunjwa mwaka 1984, mhandisi Joseph Lechleider alikuwa akipiga hesabu za kasi. Ndani ya kebo moja nene mamia ya jozi za nyaya hulala pamoja, na mawimbi huvuja kutoka jozi moja hadi nyingine. Mtambo unaojaribu kupokea wimbi dhaifu lililotoka mbali huku jozi ya jirani ikirusha wimbi lenye nguvu palepale, hali yake ni ya mtu anayetaka kusikia mnong'ono kutoka upande wa pili wa soko wakati muuza samaki ananadi sikioni mwake. Lechleider alionyesha kwamba ukiacha kudai kasi sawa pande zote mbili, ukampa mteja njia pana ya kupokea na nyembamba ya kutuma, kelele hiyo hupungua mno. Herufi A katika ADSL ni ya wazo hilo: kutokuwa sawa. Lechleider alifariki mwaka 2015, akiwa na miaka 82, baada ya kuingizwa katika jumba la heshima la wavumbuzi la Marekani mwaka 2013.

Namna ya kuijaza njia hiyo ilitoka California. John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford aliigawa laini katika vijia 256, kila kimoja na upana wa takriban kilohezi 4.3, na modemu ikapima kila kijia na kukipa mzigo kinaouweza. Kijia chenye kelele kinaachwa. Kilicho safi kinabebeshwa zaidi. Katika mashindano yaliyoandaliwa Bellcore mapema mwaka 1993 modemu za kampuni yake changa, Amati, ziliwashinda wapinzani wakubwa, na Machi mwaka huo kamati ya viwango ya Marekani ikaichagua mbinu yake.

Vijia vya chini kabisa viliachwa wazi kwa makusudi, na hapa ndipo kichujio kinapoingia. Chini ya kilohezi 4 ilibaki simu ya kawaida, na volti zake 48 kutoka kituoni, na mkondo wa kengele unaofika karibu volti 90. Kuanzia kama kilohezi 26 hadi 138 mteja anatuma. Kutoka hapo hadi 1,104 anapokea. Lengo la awali halikuwa intaneti. Makampuni ya simu yalitaka kupeleka filamu nyumbani ili kushindana na televisheni ya kebo, na Bell Atlantic ilifanya majaribio ya namna hiyo Virginia. Biashara ya filamu haikulipa. Kisha tovuti zikaja, na teknolojia iliyokuwa inatafuta mteja ikampata.

Kabla ya kuuza chochote, makampuni yalilazimika kuzitafuta koili za Campbell na Pupin. Laini yenye koili hata moja haipitishi ADSL. Ule ukuta ni ukuta. Mafundi waliingia kwenye mashimo ya barabarani na kupanda nguzo, wakafungua maungio ya kebo yaliyofungwa miongo mingi nyuma, wakaziondoa jozi kwa jozi. Mteja aliyepiga simu kuomba DSL akaambiwa laini yake haifai, mara nyingi sababu ilikuwa hiyo: koili njiani, au umbali uliofanya koili ziwekwe tangu mwanzo.

Laini ikishasafishwa hadi ukutani mwa nyumba, tatizo linahamia ndani. Utaratibu wa kwanza ulikuwa wa kistadi. Fundi alifika, akafunga kwenye ukuta wa nje au karibu na mahali laini inapoingilia kisanduku kimoja cha kugawa mawimbi, chenye kichujio kizuri ndani. Upande mmoja ulikwenda kwa nyaya zote za simu za nyumba, upande wa pili kwa waya mpya mmoja hadi kwenye modemu. Ilikuwa njia safi, na hadi leo mafundi wanaoijua kazi wanaipendelea. Lakini ilihitaji gari, fundi, miadi na nusu siku, kwa kila nyumba.

Januari 1998 Compaq, Intel na Microsoft waliungana na makampuni ya simu kutafuta njia isiyohitaji fundi. Matokeo yake yaliitwa G.lite, kiwango kilichopitishwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, mwaka 1999: kasi isizidi megabiti 1.5 kwa sekunde, na hakuna kisanduku chochote. Mteja anunue modemu, achomeke, basi. Wahandisi walijua simu zingeleta fujo, wakaiandalia modemu uwezo wa kujipanga upya kwa haraka kila simu inapoinuliwa. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye nyumba za watu ikakutana na yale yote yaliyoingia tangu Carterfone.

Kinachotokea ni hiki. Simu ikiwa imetulia, sakiti ya kengele yake inayameza mawimbi ya juu kiasi. Mtu akiinua mkono wa simu, chombo kinageuka ghafla. Kwa masafa ya ADSL ni kama shoti ndogo kwenye laini, na kila simu ina tabia yake. Wimbi lililofika hapo baada ya kilomita nyingi linaweza kuwa limebaki na sehemu moja ya milioni ya nguvu liliyoanza nayo, kwa hiyo haliwezi kuvumilia mnyang'anyi. Na madhara yanaenda pande zote mbili. Sakiti za simu za bei nafuu hazikutengenezwa kukutana na masafa hayo. Zikikutana nayo zinayachanganya na kuyashusha hadi kwenye eneo la sauti, na anayeongea anasikia mchakacho wa mfululizo, kama wa mafuta yanayokaanga.

Basi kichujio kikarudi, kikiwa kidogo na kwa wingi. Makampuni yaliacha kisanduku kimoja cha fundi, yakaweka kwenye boksi la modemu vichujio vitatu, vinne au vitano, na karatasi ya maelekezo. Kazi iliyokuwa ya kampuni ikawa ya mwenye nyumba. Uingereza, kampuni ya simu ya BT ilianza ADSL mwaka 2000 kwa kutuma mafundi. Miaka miwili baadaye kujifungia mwenyewe ndiko kulikofungua soko. Nadhani bila uamuzi huo wa kumwamini mteja na bisibisi yake, DSL ingebaki kuwa huduma ya wachache.

Ukifungua kichujio kimoja utaona kazi ya Campbell waziwazi: koili mbili au zaidi za waya mwembamba wa shaba kwenye viini vya feraiti, kapasita za rangi ya kahawia au za buluu, na kibao kisichozidi kidole gumba. Koili zimekaa njiani kuelekea simu, kapasita zimekatiza kati ya nyaya mbili. Sauti, mkondo wa kituo na kengele vinapita. Masafa ya ADSL yakifika hapo yanakuta mlango umefungwa, hayaingii kwenye simu, na uchafu wa simu hautoki. Kwa vichujio vya matundu mawili, tundu la simu liko nyuma ya koili na tundu la modemu limeungwa moja kwa moja na laini. Ndiyo maana modemu ikichomekwa kwenye tundu la simu haisikii kitu. Kosa hili liliwaweka watu wengi kwenye foleni ya huduma kwa wateja.

Sheria ilikuwa rahisi kuisema: kila chombo kiwe na kichujio, isipokuwa modemu. Kuitekeleza ndiyo kazi. Simu za ukutani za majikoni Marekani zilihitaji kichujio cha umbo la bamba kinachokaa kati ya ukuta na simu. Faksi ilisahaulika. Kisanduku cha televisheni ya setilaiti, kilichounganishwa na laini ya simu kwa waya uliopita nyuma ya kabati, kilisahaulika zaidi ya vyote, na kilipoamka usiku kupiga simu yake, intaneti ilikatika bila mtu kujua kwa nini. Mtambo wa kengele za wezi ulikuwa na ugumu wake: umeunganishwa mbele ya simu zote, ili ukipata dharura uinyakue laini, kwa hiyo kichujio chake kilihitaji mtu anayejua anachokata. Na tiba yenyewe ina kipimo. Kila kichujio kinaongeza kapasita kwenye laini, vikiwa vingi vinaidhoofisha sauti na data pia; maelekezo mengi yalishauri visizidi vinne au vitano. Mwenye nyumba yenye simu saba alirudi kwenye kisanduku kimoja cha fundi.

Njia ya kumtafuta mkosaji ilikuwa moja, na watu waliifundishana kwa simu: chomoa kila kitu nyumbani, iache modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza, angalia kasi. Rudisha chombo kimoja kimoja. Pale intaneti inapoyumba, umempata.

Waingereza walikuwa na mdudu wao wa pekee. Soketi zao, zilizoletwa mwaka 1981, zina waya wa tatu kwa ajili ya kengele: kapasita iliyo kwenye soketi kuu inatenga mkondo wa kengele na kuusambaza kwa waya huo hadi kwenye soketi za vyumba vingine. Nyaya mbili za laini zimesokotwa pamoja, ubunifu uliotoka kwa Alexander Graham Bell mwenyewe mwaka 1881, na msokoto huo ndio unaozifanya zipuuze kelele za nje. Waya wa tatu hauna mwenza. Unakimbia nyumba nzima kama antena, ukikusanya redio na kelele za vyombo vya umeme na kuziingiza kwenye laini. Watu walifungua soketi, wakauchomoa ule waya mmoja, na kasi ikapanda. Simu ziliendelea kulia, kwa kuwa vichujio vya Uingereza vina kapasita ya kengele ndani yake. BT baadaye ilitoa kibamba cha kupachika kwenye soketi kuu, chenye koili moja kwenye waya wa kengele. Hahitajiki fundi, ni skrubu mbili.

Kwetu Afrika Mashariki kisa hiki kilipita haraka. TTCL ya Tanzania na Telkom Kenya ziliuza ADSL, na wateja wao wa maofisini na wa nyumba za mijini walikutana na kisanduku hichohicho. Lakini nyumba zenye simu ya mezani zilikuwa chache, nyaya za shaba ziliibwa, na mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, watu wengi waliipokea intaneti kupitia simu ya mkononi.

Kichujio pia hakiwezi kila kitu. Mwaka 2020 ilifahamika kwamba kijiji cha Aberhosan, Wales, kilikuwa kikipoteza intaneti kila siku saa moja asubuhi, kwa miezi 18. Mafundi walibadilisha hata kebo. Mwishowe walizunguka kijiji alfajiri na chombo cha kupima kelele, wakagundua chanzo: televisheni kuukuu ya mwanakijiji, iliyowashwa kila asubuhi na kutapika mawimbi hewani. Kelele ikiingia kwenye waya kabla ya kichujio, kichujio hakina la kufanya.

Kinachokiondoa kichujio sasa ni mabadiliko ya simu yenyewe. Sauti imekuwa data, simu inachomekwa kwenye ruta, na chini ya kilohezi 4 hakuna tena cha kulindwa. Ujerumani, baada ya kuhamishia simu zote kwenye intaneti, laini nyingi zilipewa toleo la DSL linaloanzia chini kabisa, likitumia hata nafasi ambayo sauti ilikuwa imeimiliki tangu karne ya 19. Aliyehamia huko aliambiwa aondoe kisanduku cha kugawa mawimbi. Uingereza ilipanga kuzima simu za zamani mwishoni mwa mwaka 2025. Mpango huo ukazuiwa na vyombo vya aina ileile iliyowapa mafundi shida wakati wa DSL, safari hii vya wazee: vitufe vya dharura vinavyovaliwa shingoni, vilivyounganishwa na laini iliyobeba umeme wake wenyewe kutoka kituoni, hata nyumba ikiwa gizani. Ruta haina umeme huo. Watu walihamishwa, vitufe vikabonyezwa, wito haukufika. Desemba 2023 makampuni makubwa yalitia saini ahadi ya kutomhamisha mtu wa namna hiyo kwa lazima bila kuwa na hakika kwamba chombo chake kinafanya kazi, na mwaka uliofuata BT ikasogeza tarehe hadi Januari 2027.